Mjomba anaweza kukudhamini?

Mdogo wangu, umeuliza kama mjomba wako wa Houston anaweza kukulipia masomo ukitoka hadhi ya mgeni, B-2, kwenda ya mwanafunzi, F-1, maana si mzazi wako. Anaweza. Sheria ya Marekani haidai mdhamini awe baba au mama. Inadai fedha zionekane na zieleweke zimetoka wapi.

Anza na I-20, fomu ambayo chuo hukupa kikishakukubali. Gharama za mwaka zilizoandikwa pale, ada pamoja na malazi na chakula, ndizo mjomba anazopaswa kuzifikia. Aambatanishe taarifa za benki, barua ya mwajiri na barua yake mwenyewe ya kuahidi kukulipia. Nakusihi, msikope pesa za kujazia akaunti wiki moja kabla. Fedha iliyoingia ghafla bila maelezo huzua maswali, na mara nyingi ndipo watu wanapokwama.

Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kisha wasilisha fomu I-539, ya kuomba kubadili hadhi, kwa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kabla muda wako wa kukaa haujaisha. Na usiingie darasani mpaka ukubaliwe, hata kama muhula umeanza! Ombi likichelewa, omba chuo kisogeze tarehe ya kuanza.