Pensheni ya ulemavu NSSF kwa mwenye sonona

Pole sana, ndugu yangu wa Ujiji. Unaogopa kwamba ukiomba pensheni ya ulemavu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu ya sonona (depression), watakuona mikono na miguu mizima wadhani unataka hela ya bure. Mdogo wangu hapa Tabora alikuwa na hofu hiyohiyo. Ila anayeamua si karani wa dirishani. Madaktari ndio wanaopima uwezo wako wa kufanya kazi umepungua kiasi gani, na wanategemea kilichoandikwa.

Kwa hiyo faili lako la hospitali ya Maweni ndilo la kulinda. Nenda kliniki hata ukijisikia nafuu. Daktari akiuliza hali, acha ule mtindo wetu wa "nzuri tu", maana ataandika hivyohivyo. Mwambie: sikulala, sikuoga, nilishindwa kufunga hesabu za duka. Unayeishi naye akusindikize. Yeye huona usiyoyaona.

Kazi usiache kwanza! Sheria inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 mshahara kamili, 63 nusu. Kagua pia michango yako NSSF, waajiri wengine wanakata na hawapeleki. Na vishoka wa "nitakusukumia faili" wapite mbali.

Umeandika "nimechoka na kila kitu". Kama ni mawazo ya kujidhuru, fomu zisubiri, mwambie mtu wa nyumbani sasa hivi akupeleke hospitali leo.