Maswali ya Wasomaji: Futiboli ya Kimarekani Inapovuka Bahari

SWALI: Ndugu Mhariri, kila msimu naona mechi za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zinazochezwa nje ya Marekani zikiongezeka, na mwaka 2025 zilifika saba. Ligi hiyo ina fedha nyingi nyumbani kwake. Kwa nini ijisumbue kuvuka bahari? Na je, mchezo huo unaweza kuota mizizi katika nchi ambazo ukitaja mpira, watu wote wanaelewa soka?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba nianze na sehemu ya pili ya swali lako, kwa sababu ndiyo yenye uzito zaidi, na jibu lake limo katika historia ya Ujerumani.

Mwaka 1991 ilianzishwa, kwa msaada wa NFL, ligi iliyokuwa na timu za Ulaya na za Amerika Kaskazini, na fainali yake ya kwanza ilichezwa katika uwanja wa Wembley mjini London, ambapo London Monarchs waliwafunga Barcelona Dragons 21-0. Ligi hiyo ilisimama baada ya msimu wa 1992, ikarudi mwaka 1995 ikiwa na timu za Ulaya pekee, ikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, na hatimaye ikafungwa mwezi Juni 2007 kwa sababu ya hasara. Wengi huihesabu kuwa jaribio lililoshindwa. Mimi siafikiani nao. Katika msimu wake wa mwisho, timu tano kati ya sita zilikuwa za Ujerumani, maana yake ni kwamba huko, tofauti na London au Barcelona, watu waliendelea kwenda uwanjani wikendi baada ya wikendi kushangilia timu ya mji wao, wakawapeleka watoto wao, na baadhi ya watoto hao wakaanza kuucheza mchezo wenyewe. Kurt Warner, ambaye mwaka 1998 alikuwa kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, wa Amsterdam Admirals katika ligi hiyo, alitwaa ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na St. Louis Rams Januari 2000, kwa hiyo mashabiki wa Ulaya hawakuwa wakitazama masalia tu ya wachezaji.

Matunda yalionekana miaka 15 baadaye. Tarehe 13 Novemba 2022, NFL ilipocheza kwa mara ya kwanza mechi halali ya msimu nchini Ujerumani, Tampa Bay Buccaneers waliwashinda Seattle Seahawks 21-16 katika uwanja wa Allianz Arena mjini Munich, mbele ya watazamaji karibu 70,000 walioimba kwa pamoja muda mrefu hata mpira ulipokuwa umesimama. Umati wa namna ile hauzaliwi na matangazo ya mwezi mmoja. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ligi mpya ya Ulaya ilikuwa imeanza kwa kutumia tena majina ya zamani, yakiwamo Frankfurt Galaxy na Hamburg Sea Devils, kwa sababu majina hayo yalikuwa bado hai midomoni mwa watu.

Linganisha na njia nyingine, ile ya kuwasafirisha Wamarekani kwa siku chache. Agosti 1976 timu mbili za NFL zilicheza Tokyo, na Agosti 1986 Chicago Bears, mabingwa wa wakati huo, waliwafunga Dallas Cowboys 17-6 pale Wembley mbele ya watu zaidi ya 80,000. Hizo zilikuwa mechi za maandalizi tu. Matokeo yake hayakuhesabiwa popote, na nyota waliochorwa kwenye mabango walicheza muda mfupi kisha wakapumzishwa, jambo ambalo shabiki aliyelipa kiingilio aliling'amua upesi. Ndiyo sababu mabadiliko ya 2005 yalikuwa makubwa: tarehe 2 Oktoba mwaka huo Arizona Cardinals na San Francisco 49ers walicheza mechi halali ya msimu katika Estadio Azteca, Mexico City, mbele ya watu 103,467. Miaka miwili baadaye ikafuata London, na mwaka 2024 na 2025 ikawa zamu ya São Paulo, kisha Dublin na Madrid.

Kuhusu fedha, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2021 NFL ilitia saini mikataba ya matangazo ya ndani yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa miaka 11. Ligi iliyofika hapo nyumbani haiwezi tena kukua sana kwa kutafuta watazamaji wapya katika miji ileile. Zaidi ya hayo, mechi inayoanza saa nane na nusu mchana London huanza saa tatu na nusu asubuhi katika pwani ya mashariki ya Marekani, kabla ya mechi nyingine zote za Jumapili, kwa hiyo mechi moja inauzwa kwa wageni na wakati huohuo inafungua kipindi kipya cha televisheni kwa wenyeji. Vilevile, tangu 2022 timu zimegawiwa haki za kufanya biashara katika nchi mbalimbali, na kila timu sasa ina sababu yake yenyewe ya kutafuta mashabiki ng'ambo.

SWALI: Je, uwanja wa soka unafaa kweli kwa mchezo huu? Nimesikia malalamiko kuhusu nyasi.

JIBU: Malalamiko hayo yana msingi. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani, pamoja na maeneo ya kufungia pande zote mbili, una urefu wa yadi 120, yaani karibu mita 110, ilhali viwanja vikubwa vya soka huwa na mita 105. Upana wake ni karibu mita 49 tu dhidi ya 68 za soka. Nafasi inabaki tele pembeni na inakosekana nyuma ya magoli, hapo ambapo mchezaji anayekimbilia mpira uliorushwa hadi mwisho wa uwanja anahitaji sana mahali pa kusimama salama. Ongeza kwamba timu moja ina wachezaji 53 pamoja na kundi kubwa la makocha na wahudumu, na vyumba vya kubadilishia nguo vilivyojengwa kwa kikosi cha soka havitoshi.

Nyasi ndizo zinazoumia zaidi. Tarehe 28 Oktoba 2007, katika mechi ya kwanza halali ya msimu kuchezwa London, New York Giants waliwashinda Miami Dolphins 13-10 kwenye mvua, na uwanja mpya wa Wembley ukachimbika vibaya. Wiki chache baadaye, timu ya taifa ya England ilifungwa 3-2 na Croatia kwenye uwanja huohuo na kukosa tiketi ya fainali za Ulaya za 2008. Siwezi kusema nyasi ndizo zilizowafungisha, lakini hasira za mashabiki wa soka naielewa kabisa: mgeni asiharibu nyumba aliyokaribishwa. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya NFL kuumia, pale mechi ya Kansas City Chiefs na Los Angeles Rams ilipoondolewa Estadio Azteca siku chache kabla ya kuchezwa na kuhamishiwa Los Angeles, kwa kuwa nyasi zilikuwa katika hali ya hatari kwa wachezaji.

Suluhisho bora ninalolijua ni uwanja wa Tottenham Hotspur, uliofunguliwa 2019. Nyasi za soka zimegawanywa vipande vitatu ambavyo huteleza na kuingia chini ya jukwaa la kusini, na chini yake kuna nyasi bandia kwa ajili ya NFL, pamoja na vyumba vikubwa vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Ni ujenzi wa gharama ambayo klabu chache zinaweza kuibeba.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo. Wanafunzi wangu, wasichana kwa wavulana, wameupenda mchezo huu kwenye televisheni, lakini kofia ngumu na vikinga mabega hatuna uwezo navyo. Je, niwaambie wabaki watazamaji tu?

JIBU: Hapana, Mwalimu, na nashukuru kwa swali lako, kwa sababu linarejea kwenye jambo ninaloliamini: mchezo hukaa mahali unapochezwa. Iko futiboli ya bendera, ambayo haihitaji kofia wala vikinga. Kila upande una wachezaji watano, na kila mmoja huvaa mkanda wenye vitambaa viwili vinavyochomoka; badala ya kumwangusha mwenye mpira, mlinzi huchomoa kitambaa chake na mchezo husimama hapo. Kiwanja rasmi kina urefu wa yadi 50 na upana wa yadi 25, pamoja na eneo la kufungia la yadi 10 kila mwisho. Timu hupewa majaribio manne ya kuvuka mstari wa kati, na ikifaulu hupewa mengine manne ya kufunga.

Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliuingiza mchezo huu katika michezo ya Los Angeles 2028, kwa wanaume na kwa wanawake, timu sita kila upande. Kwa wasichana wako hilo ni jambo kubwa, maana NFL yenyewe haijawahi kuwa na mchezaji wa kike.

Na wale watakaotaka kufika mbali zaidi, waeleze habari za Jordan Mailata wa Australia, aliyekulia kwenye raga na hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani alipochaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 kupitia mpango wa kuwaandaa wachezaji wa kigeni. Februari 2025 alitwaa Super Bowl. Wewe anza na mpira mmoja na mikanda 10. Wafundishe kwanza kurusha na kudaka wakiwa wamesimama, kisha wakiwa wanakimbia, na uache mbinu za makundi hadi kila mmoja awe ameshika mpira mara nyingi.