Kesi mliyoimaliza kwenye meza ya chai

Wadogo zangu wa hanga, karakana yetu ya ndege, jana nimewakuta mmeinamia simu moja, video ya sekunde 14, ndege imelala kwa tumbo, na hukumu mmeshatoa. Wawili wanasema rubani, mmoja gia (magurudumu ya kutulia), na yule aliyeanza juzi anasema upepo, kwa sauti ya mtu aliyekuwemo kokpiti. Nilicheka, kisha nikakumbuka yangu.

1. Video haioneshi tangi lilikuwa na nini wala injini ziliombwa nguvu kiasi gani. Hayo yako kwenye FDR, kinasa data za safari.

2. Msimtafute mtu kabla ya kitu. Hapa nakaa kidogo.

Januari 2008, British Airways 38, Boeing 777 kutoka Beijing, ilianguka kwenye nyasi kabla ya kufika njia ya kutua ya 27L pale Heathrow, London. Watu 152, wote wakatoka hai. Injini mbili ziligoma kuongeza nguvu, zikipishana sekunde 7 hivi. Mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili, nikachukua kadi ya kazi, nikaigeuza nyuma na kuchora matangi: mafuta yameisha, basi! Kijana wa boza, lori la kujazia ndege mafuta, alikuwa pembeni na kikombe chake. Nikamnyooshea kidole: “Nyie ndio mnaotuua, Tangi Tupu.” Hanga nzima ikaangua kicheko. Yeye akamaliza chai, akaosha kikombe, akatoka.

Mzee mmoja akaniuliza, “Walibakiwa na kilo ngapi?” Sikujua. Baadaye ikaja kusemwa: zaidi ya tani 10. Badala ya kunyamaza nikahamia kwenye “yaliganda”. Nako nikaumbuka: mafuta yenyewe hayakushuka chini ya -34°C, na yale yalikuwa ya kuganda kwenye -57. Ripoti ya mwisho ilitoka Februari 2010. Yaliyoganda ni maji, yale machache ya kawaida yaliyomo kwenye mafuta yoyote. Barafu ilijishikiza kwenye mabomba safari nzima, nguvu ilipoombwa karibu na kutua ikabanduka kwa pamoja na kuziba uso wa FOHE, kifaa kinachopasha mafuta joto kwa oili ya injini. Boza halikuwa na kosa, na mafuta yalikidhi viwango vyote.

Lakini jina lilishamganda. Miaka miwili aliitwa Tangi Tupu, hata kwenye redio za kazi. Nilipoisoma ripoti nikaenda kumtafuta, nikaambiwa amehama kituo. Sikuwahi kumwomba radhi, na jina lake halisi nililiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, kwenye orodha ya zamu za zamani.

3. Kabla hamjasema rubani kazubaa, someni alichofanya. Kapteni wa 38 alirudisha flapu, yale mabapa ya nyuma ya bawa, kutoka 30 hadi 25. Mita kama 50 alizopata ndizo zilizowapitisha juu ya antena za ILS, mfumo wa redio wa kuongoza ndege kutua. Mimi kwenye mchoro wangu nilimwandika “amelala”.

4. Kama ndege ni ile uliyoisaini wewe, usiguse logibuku (kitabu cha kumbukumbu za ndege), usijaze “kilichosahaulika”, mwite mkubwa wako. Hata kama ni tarehe tu. Tena hasa kama ni tarehe tu.

5. Ya tano ni fupi: aliyeandika “RUBANI KALALA” kwenye ubao wa zamu, dasta iko juu ya kabati la tochi. Mwandiko naujua.