Barua kwa mwanangu: kwa nini bado naandika mauaji

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponipigia simu ukaniuliza, "Mama, miaka sita ya maiti na wapelelezi, kwa nini usiandike kitu cha maana? Andika maisha yako," nilikwambia chungu kinaungua nikakata simu. Hakukuwa na chungu. Sikuwa na jibu, na kusema kweli uliniudhi kidogo. Jibu limenijia leo alfajiri.

Ratiba yangu unaijua, maana kila ukija nyumbani unalalamikia taa. Saa kumi na moja naamka, nakaa kwenye meza ya jikoni, naandika maneno 400, kisha nakwenda kazini kujumlisha hesabu za watu wengine. Maneno 400 si mengi, ni kama ukurasa mmoja na nusu. Lakini riwaya ya maneno 80,000 ni siku 200 za namna hiyo, ukiacha siku za homa na siku za uvivu, ambazo sitakutajia idadi yake. Ratiba yenyewe si ubunifu wangu. P. D. James, yule mwandishi Mwingereza, aliandika riwaya yake ya kwanza alfajiri kabla ya kwenda kazini kwenye utawala wa hospitali, huku ana mume mgonjwa na mabinti wawili wa kulea. Ilitoka mwaka 1962, naye ameshavuka miaka 40. Nilipolisoma hilo niliona kama nimepata jirani.

Sasa swali lako. Maisha yangu nilishajaribu kuyaandika, ila hukuambiwa kwa sababu kurasa zile 60 nilizichana. Nilizisoma upya nikakuta kila mahali nimejipendelea. Ugomvi wangu na shangazi yako, kosa lake. Ile kazi niliyoachishwa, mkubwa wangu alikuwa na roho mbaya, basi. Nani angenipinga? Shahidi mimi, hakimu mimi.

Kwenye upelelezi sipati nafasi hiyo, msomaji ananivizia. Kasisi mmoja wa Kiingereza, Ronald Knox, ambaye naye alizitunga riwaya hizi, alitoa kanuni kumi mwaka 1929, na mbili nimezibandika ukutani: mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, na mpelelezi asiokote kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa. Yaani ukweli wote nimwekee mtu mezani, na bado asiuone. Jaribu siku moja uone kazi yake. Mimi kidokezo hukificha katikati ya vitu vingi, kwa kuwa watu hushika cha kwanza na cha mwisho: miwani, ufunguo wenye kutu, glasi iliyooshwa, bahasha, saa iliyosimama. Ni glasi. Au nakitaja waziwazi, halafu mstari unaofuata mtu anagonga mlango kwa kishindo, msomaji anakimbilia mlangoni.

Unakumbuka mwaka jana mswada uliporudishwa mara ya tatu nikashinda kitandani? Nilikwambia ni kichwa. Mhariri aliandika sentensi moja tu ya maana: muuaji nimemjua ukurasa wa 30. Wiki mbili nilimchukia mhariri yule. Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa 30 nikaona alichokiona. Wahusika wengine wote nimewapa madeni, wivu, watoto wasumbufu. Muuaji nimempa tabasamu peke yake. Mtu asiye na shida yoyote kwenye riwaya ya mauaji ni kama amevaa kengele shingoni.

Basi nikaanza kumpa shida. Nikampa mama anayepoteza kumbukumbu, deni analolificha, bosi wa juu anayemtisha kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa sura ya kumi na moja kalamu iliponisimama mkononi. Shida zile sikuzibuni. Zilikuwa za yule mkubwa wangu wa kazi, yule wa roho mbaya. Nilikuwa nimezijua miaka yote, nilimsikia mwenyewe akizungumza na mama yake kwenye simu, na katika kurasa 60 za "maisha yangu" sikuziandikia hata mstari mmoja. Bado nasema hakunitendea haki. Lakini sasa naweza kusimulia siku ile kwa upande wake pia, na hilo sikulifikia nilipokuwa naandika kitu cha maana.

Na ndiyo, ulikisia sawa, yule kijana wa sura ya nne ni wewe. Ulikuwa na miaka 7. Nilikuuliza tu kama umeiona miwani yangu, ukanieleza paka alipita saa ngapi, dirisha lilikuwa wazi kiasi gani, na upepo ulitoka wapi. Hatukuwa na paka. Nimemgawia kijana wangu tabia hiyohiyo ya kujibu asiyoulizwa, akatiliwa shaka na kila mtu. Usiogope, hajaua.

Mswada mpya nitakutumia wiki hii. Soma na penseli mkononi, na pale utakapoanza kumshuku mtu, andika jina lake pembeni. Usinipigie kuniambia ni nzuri. Nipigie unitajie ukurasa. Ukiwa chini ya 200, narudi mezani.

Mama yako