Ile bunduki fupi ya wenzo ni bastola au raifo?

Mdogo wangu umeuliza kama ukinunua Rossi Ranch Hand hapo Texas, ile bunduki fupi ya kukoki kwa wenzo wa chini yenye mtutu wa inchi 12, utakuwa umevunja sheria. Hapana, maadam imetoka kiwandani hivyohivyo bila kitako cha begani, sheria ya shirikisho inaihesabu bastola, kwa hiyo dukani lazima uwe na miaka 21 na uwe mkazi wa jimbo hilohilo.

Ila nakuomba sana usije ukaifunga kitako cha begani, wala usichukue raifo ya kawaida ukaikata mtutu, maana raifo yenye mtutu chini ya inchi 16 au urefu wote chini ya inchi 26 inaingia kwenye NFA, ile sheria ya shirikisho ya 1934 inayobana silaha za aina maalumu, na ukigusa msumeno kabla ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, hawajakupa kibali hilo ni kosa la jela hadi miaka 10, na sisi wahamiaji hapo hata grinikadi inaweza kwenda na maji. Ushuru wa dola 200 wa kibali hicho cha raifo fupi umeshuka hadi sifuri tangu Januari 2026 lakini fomu za kukiomba bado zipo, watu wengi wanachanganya hapo. Na kama uko kwa viza ya muda usinunue kabisa kwanza, ongea na wakili.