Ibridi ao kompakti ya mu mufuko? Majibu ya maulizo yenu

Maulizo juu ya kamera imekuwa mingi hapa Lubumbashi, na karibu yote iko inazunguka ku jambo moja: ninunue ibridi, ile kamera yenye haina kioo ndani na yenye unabadirishaka objektifu (ile jicho ya vioo ya mbele), ao ninunue kompakti yenye inaingia mu mufuko ya suruali. Nitajibu moja moja. Yenye inaomba maneno mingi nitaipatia maneno mingi, ingine nitapita mbio.

Yaya, niko kijana wa komini Kenya, ninaanza kupiga foto ya ndoa, niko na dolari 1000 basi. Rafiki ananiambia nikamate Sony RX100 VII juu iko na zumu ya kufika mbali na hautanunua objektifu. Ni kweli?

Mudogo yangu, rafiki yako hakudanganye, ile kamera iko muzuri, zumu yake inatoka milimetre 24 (inaona pana) inafika 200 (inaona mbali) na inabeba gramu 302 paka. Lakini haiko kamera ya kukulisha ku ndoa. Waza fasi ndoa inafanyikaka: asubui ku komini, kisha kanisa, kisha sale ya fete usiku, mataa ya bluu na ya mauve, mutu wa muziki anazima taa yote wakati bibi-arusi na bwana banaingia, na ile dakika njo familia yote inangojea ku albamu. Ile zumu ukiivuta inafunga mupaka f/4.5 (namba ya f ni tundu yenye mwangaza inapitia: namba ikiwa ndogo, tundu inakuwa kubwa). Objektifu ya 50 mm f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara 6 ya ile. Tena kapteri, kile kipande cha ndani chenye kinapokea mwangaza, ku RX100 iko milimetre 13.2 kwa 8.8, na ku ibridi kama Canon R50 inapita 22 kwa 14, ni kusema karibu mara 3 ya ukubwa. Weka ile mambo mbili pamoja utajua juu ya nini foto ya muchana inatoka safi na ile ya sale inajaa michanga michanga.

Kuko tena jambo yenye bantu ba kufundisha foto mu video za Ulaya habaongeake mingi. Ngozi yetu iko nyeusi na robe ya bibi-arusi iko nyeupe pe. Kamera inapima mwangaza ya foto yote, ikiona robe imejaza fasi kubwa inapunguza mwangaza juu isiunguze ile nyeupe, basi sura ya bibi-arusi inazama mu giza. Ku ibridi unatazama ndani ya viseri, ka dirisha ka kuweka jicho, na unaona palepale vile foto itatoka mbele ya kufinya, unaongeza mwangaza mupaka sura inaonekana, unachunga dantele ya robe isipotee, na unapiga mu RAW, ni kusema foto mbichi yenye kamera haijapika, juu nyumbani uweze kurekebisha yenye ilibakia. Kompakti nayo inapigaka RAW, lakini kapteri kubwa inavumilia kuvutwa kupita ile ndogo. Inaniumiza sana kuona mama amepewa albamu ya ndoa yake na uso wake iko kivuli kitupu, alilipa franga yake na ile siku haitarudia.

Ile 1000 yako, nisikilize. Canon R50 ilitoka mu mwaka 2023 na bei ya dolari 680 hivi ku Marekani bila objektifu, 50 mm f/1.8 yake ilitoka na 200 hivi. Mupaka ifike huku bei inapanda, basi tafuta okazyo, na yenye itabakia nunua batri ya pili na karte memwari ya pili. R50 iko na tundu moja tu ya karte, kwa hiyo badirisha karte ukitoka kanisani mbele ya kuingia ku sale, na ile ya kanisa weka fasi ingine, usiitie mu mufuko moja na kamera. Siku kazi itakulipa utatafuta ibridi ya karte mbili kama Sony A7 III, yenye inaandika foto moja fasi mbili kwa mara moja. Usitumie yote ku kamera ubakie na ile ka objektifu ka zumu yenye inakuyaka nayo mu kartoni, hakaone kitu usiku.

Niko mama wa batoto batatu ku kartie Golf. Sipendi kubeba muzigo, ninataka tu foto ya muzuri ya batoto wakati bangali badogo. Telefone yangu haitoshe?

Mama, ku jua ya muchana telefone yako inatosha, na sitakusukuma utoe makuta bule. Kwenye inashindwa ni ndani ya nyumba mangaribi, mutoto anaruka, taa ni moja, foto inatoka kama imepakwa rangi.

Kitu moja nakuomba: usinunue ile tukompakti twa bei ya chini twenye banaandika zumu ya mara 30 kwa alama ya munene. Kapteri yake iko milimetre 6.17 kwa 4.55, haipite ya telefone kwa kitu ya maana na haina ile akili ya kuchanganya foto mingi yenye telefone iko nayo. Juu ya ile njo bantu baliacha kuzinunua: mu mwaka 2010 viwanda bilituma kompakti zaidi ya milioni 100 mu dunia, mu mwaka 2023 haikufika milioni 2. Zenye bado ziko na maana ni zile za kapteri kubwa. Kwako naona Canon G7 X Mark III, zumu ya 24 mupaka 100, inabakia f/2.8 hata ukiivuta mupaka mwisho, skrini inageuka uingie weye mwenyewe mu foto na batoto (bamama banakosekanaka mu foto za familia, na ile inaumiza baadaye), gramu 304.

Ibridi kwako hapana. Itabakia mu kabati.

Na mama, tosha foto mu karatasi. Usiache miaka yote ya batoto bako ndani ya telefone moja yenye inaweza kuanguka mu maji. Kila mwisho wa mwezi chagua tano, peleka ku labo, andika majina na tarehe nyuma.

Mavumbi ya huku wakati wa kiangazi inaingia kila fasi. Kamera gani inavumilia?

Hii ulizo naipenda juu bauzaji habaizungumuziake. Bantu mingi banawaza kompakti iko salama juu imefungwa. Lakini kompakti ya zumu, kila mara unaiwasha ile bomba ya objektifu inatoka inje, ukiizima inarudia ndani, na ikirudia inavuta hewa pamoja na mavumbi yetu ya mwekundu. Siku punje moja inakaa ku kapteri utaona alama nyeusi mu mbingu ya kila foto, na ku kompakti hauwezi kuitosha bila kufungua mashini yote. Hata Ricoh GR III, yenye haina zumu, bantu banalalamika juu ya ile dunia nzima. Kompakti Fujifilm X100VI inavumilia, lakini paka ukiweka ile kapete yake na filtre ya 49 mm mbele, bila ile haijafungwa.

Ibridi iko na hatari yake: ukitosha objektifu, kapteri iko uchi. Lakini ni fasi yenye unafikia mwenyewe, unaisafisha kwa kapira ka kupulizia hewa, kapteri ikiangalia chini. Usipulize na kinywa, mate inakamata. Badirisha objektifu ndani ya gari madirisha imefungwa, ao ndani ya chumba, hapana ku barabara ya udongo wakati kamyo ya madini imetoka kupita. Ukiwa na objektifu moja yenye hautoshe miezi yote ya kiangazi, ibridi inashinda kompakti ya zumu kwa mavumbi, na mi sina mashaka juu ya ile. Kompakti ukishaikamata, iweke mu ka sachet kenye kanafungika kabisa mbele ya kuiingiza mu mufuko, juu mufuko ya suruali iko na mavumbi kupita barabara.

Umeme inakatika kwetu siku nzima. Batri ya nani inadumu?

Ibridi kubwa kama Sony A7 III, na kwa mbali. Batri ya Sony A7 III inapimwa foto 610 mupaka 710, ya RX100 VII 260 hivi, ya GR III 200. Zote tatu zinaweza kujazwa na pawabanki kwa USB, basi pawabanki ujaze kila mara umeme inarudia, hata usiku wa manane. Mwenye kompakti anunue batri tatu. Ziko ndogo, haziongeze muzigo.

Papa moja wa Kamalondo anauliza: ninapiga foto ku barabara, bantu bakiona kamera ya mukubwa banakasirika ao banaomba makuta. Kompakti itanisaidia?

Itakusaidia sana papa, na hapa njo fasi yenye ningechagua kompakti mbele ya ibridi yoyote. Ricoh GR III iko na kapteri ya ibridi, APS-C kamili, ukubwa karibu na ile ya Canon R50, ndani ya gramu 257. Objektifu ni moja, 28 mm f/2.8, ni kusema utakaribia bantu, hautapiga kutoka mbali kama muwizi. Iko na kitu cha muzuri sana: unaiambia mbele "metre 2", kisha ukifinya mara moja mupaka chini inapiga palepale bila kutafuta. Mwenye kuuza mikate akicheka, kicheko chake hakikupite.

Kingine chenye bantu habajue: kompakti za hivi (GR, X100, hata RX100) obturateri yake, kile kifuniko chenye kinafunguka na kufungika ukipiga foto, iko ndani ya objektifu. Ni kusema unaweza kutumia flashi ku jua ya saa sita na mbio ya 1/1000 ya segonde ao zaidi, wakati ibridi mingi inakwamia karibu na 1/250 kama haina flashi ya maalum. Ku jua yetu ya mwezi wa kenda, kofia inatupa kivuli mupaka ku kidevu, flashi kidogo inarudisha macho. RX100 VII na X100VI ziko na flashi ndani, GR III haina, utaongeza.

Lakini kamera ndogo haikupe ruhusa yenye haukukuwa nayo. Basoda, polisi, bariere, uwanja ya ndege, hapana, na ukubwa wa kamera haitakuokoa. Na bantu ba barabara uwasalimie kwanza, uwaonyeshe foto, ukiweza uwarudishie moja ya karatasi. Tuko mu muji yenye mupiga foto Sammy Baloji alizaliwa, muji wa Rencontres Picha, ile fete ya foto yenye ilianza mu 2008, mwaka ileile Panasonic ilitosha G1, ibridi ya kwanza. Foto ya huku inaangaliwa mbali, na ule mutu mwenye uko unamupiga foto anastahili heshima.

Ku kanisa foto yangu inatoka na mistari ya giza. Kamera imeharibika?

Haikuharibika. Taa za LED za bei ya chini zinawaka na kuzima mara 100 kwa segonde juu umeme yetu ni ya 50 Hz, na weye umeweka kamera mu ile namna ya kimya yenye haina sauti. Rudisha obturateri ya kawaida, weka 1/100 ao 1/50. Ku video chagua picha 25 ao 50 kwa segonde, hapana 30 ao 60. Ibridi na kompakti, yote dawa ni moja.

Ku stade ya Mazembe, kompakti inatosha?

Muchana, kwa ukumbusho, ndiyo, RX100 VII inapiga foto 20 kwa segonde na 200 yake inakuonyesha mwenye kufunga goli. Usiku ao kwa gazeti, ibridi na 70-200 f/2.8, na ujue ile objektifu peke yake inaweza kupita kilo moja. Ikodishe.

X100VI iko na megapikseli 40, A7 III iko na 24. Ya 40 inapita?

Hapana. Ku albamu ya A4 hakuna mwenye atatofautisha. Kapteri ya A7 III ni milimetre 36 kwa 24, inapita ile ya X100VI mara 2 na zaidi, na usiku njo yenye inahesabu. Megapikseli mingi inasaidia ukikata foto ao ukitosha bango.

Kuko mutu anauza Sony ya okazyo, anasema ilitoka Japani, bei iko chini sana. Nikamate?

Iwashe kwanza na ufungue menyu. Sony mingi zenye zilitengenezwa kwa soko ya Japani ziko na Kijapani peke yake, Kifaransa haiko na haitawekwa. Ile njo sababu ya bei. Kama unajua kamera ile kwa kichwa unaweza kuishi nayo, kama unaanza, acha.

Kama menyu iko sawa, tia karte yako mwenyewe, funga objektifu mupaka f/16 (kompakti mingi zinaishia f/8 ao f/11, tumia ile ya mwisho), piga foto ya ukuta mweupe ao ya mbingu, ikuze mu skrini utazame alama nyeusi. Ku kompakti, zima na kuwasha mara kumi na usikilize: ukisikia michanga inasaga mu bomba, mavumbi imeshaingia. Ku ibridi, tosha objektifu utazame kapteri na taa ya telefone kama haina mukwaruzo, kisha mulika ndani ya vioo vya objektifu, ukiona utando kama nyuzi za buibui ni ukungu, na ule unaenea. Mwenye kuuza akikataa ufanye ile yote mbele yake, mushukuru na uende.