Shemeji kasema ni dili, kweli?

SWALI: Mambo vipi wadau, mie nauza dagaa Kibirizi hapa Kigoma, juzi nimenunua begi la mtumba nikakuta mfukoni kasarafu kadogo ka rangi ya shaba kana picha ya kiti cha pweza, kameandikwa Bahamas, senti 1. Shemeji ananiambia nisiachie chini ya laki. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, shemeji anakupeleka chaka. Hiyo ni senti ya Bahamas, kanchi ka visiwa kule Atlantiki karibu na Florida, na dola yao inalingana moja kwa moja na ya Marekani, kwahiyo hapo unashika sehemu moja ya mia ya dola tu, hata pipi hupati. Tena haitumiki siku hizi, benki kuu yao iliacha kuzisambaza mwaka 2020 na ilipofika mwisho wa mwaka huo huo ikawa sio pesa halali tena, maana kuitengeneza kulikuwa kunakula hela kuliko thamani yake yenyewe. Ukilipa keshi kule wanasogeza jumla kwenye senti tano iliyo karibu, ikiwa dola 1.02 unatoa 1, ikiwa 1.03 unatoa 1.05. Ukilipa kwa kadi wanakata vilevile ilivyo.

Kwa wanaokusanya sarafu hizi ziko kibao, zilitengenezwa nyingi mno, laki hupati ng'o. Ila usiisugue na ndimu wala mchanga ing'ae, wakusanyaji hawataki kabisa sarafu iliyosuguliwa. Mpe mtoto achezee, mkubwa lakini, mdogo ataimeza.